Daftari Lisilo na Kosa

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili, saa nne na dakika tano asubuhi, nilikuwa juu ya ngazi mbele ya duka la vipuri, nimebakiza herufi moja kumaliza kibao. Saa naijua kwa sababu redio ya kinyozi, ambaye kibanda chake kimegusana na karakana yangu, ndiyo kwanza ilikuwa imemaliza habari fupi. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaipokea kwa vidole vyenye rangi.

"Mzee, njoo shuleni," mwalimu mkuu alisema.

"Mtoto ameumia?"

"Njoo tu."

Wenye ofisi hawajui neno hilo linamfanya nini mtu. Mwaka mmoja na nusu nyuma, hospitalini nao walinipigia wakaniambia njoo tu. Nilipofika nilimkuta mke wangu ameshafunikwa shuka, kwenye benchi lile lile nilipomwacha akimsubiri mwenye ufunguo wa chumba cha dawa. Mwenye ufunguo alikuwa semina. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeulizwa. Niliyeulizwa ni mimi, kama nina gari la kumbebea.

Kwa hiyo nilishuka ngazi.

"Fundi, umeacha VIPUR," kinyozi alinipigia kelele kutoka mlangoni kwake. "VIPUR ndiyo nini, dawa ya mende?"

Mteja wake akacheka, nusu ya kichwa imenyolewa. Mimi nilikuwa nimeshavuka barabara.

Binti yangu nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, begi mapajani, kichwa amekiinamisha. Mzima. Nikashusha pumzi, lakini pumzi haikushuka yote.

"Baba, nimesikia viatu vyako," alisema.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Wamenipa kitabu cha herufi ndogo mbele ya darasa, wakaniambia soma."

Ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba. Mama yake alimpa jina la utani Kasuku, kwa sababu jambo akilisikia mara moja analirudia lote, mpaka kikohozi cha msemaji. Macho ndiyo hayakutimia. Kipofu siye. Uso wako anauona kama unavyouona wa kwako kwenye bati: mtu yupo, ila ni nani? Miwani tulijaribu, haikusaidia. Herufi za kitabu kwake ni vumbi. Lakini mwandikie herufi nene nyeusi, urefu wa kidole gumba, juu ya karatasi ya njano, atakusomea kumshinda mtangazaji.

Mwenye shule nyumbani kwetu alikuwa mama yake. Mimi niliishia darasa la nne. Herufi nazijua kwa umbo, kama mchinjaji anavyomjua ng'ombe: mfupa uko wapi, mnofu uko wapi. Neno moja moja halinishindi. SALUNI. FUNDI SAA. USIKOJOE HAPA. Ila barua ya ofisi ikija, ile ambayo sentensi inaanza leo inaisha kesho kutwa, jasho linanitoka mgongoni.

Nikaingia. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu amesimama. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ukimwona mkubwa amesimama ndani ya ofisi yake mwenyewe, ujue aliyekaa anaweza kukufanya lolote.

"Mimi ni mpimaji, natoka ofisi ya elimu," yule mama alisema. "Karibu ukae."

Kiti hakikuwepo. Nilikaa juu ya boksi la vitabu.

Mezani mbele yake yalipangwa madaftari yangu. Nasema yangu kwa sababu niliyashona kwa mkono wangu, manila ya njano, uzi wa gunia. Marehemu alipoondoka niliirithi kazi yake ya kumwandikia mtoto. Kila alasiri Kasuku alikuwa anaazima daftari la rafiki yake anayekaa naye dawati moja, nami nalinakili kwa brashi nyembamba, ukurasa mmoja wa mwenzake unakuwa kurasa tano za kwetu. Historia, sayansi, hesabu, yote.

"Haya madaftari ni ya nani?" mpimaji aliuliza.

"Ya binti yangu, mama."

"Nani ameyaandika?"

Niseme ukweli, nilivimba kichwa. Tangu nianze kazi hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuuliza nani ameandika kitu changu.

"Mimi," nikasema. "Kila herufi."

Akafungua la hesabu. "Na majibu?"

"Na majibu."

"Yote sahihi. Kuanzia mwezi wa kwanza mwaka jana mpaka leo, hakuna kosa hata moja." Akanitazama juu ya miwani yake. "Ya kwake mwenyewe yako wapi? Aliyoyaandika kwa mkono wake?"

Hapo nikaanza kuona shimo, nami mguu mmoja umeshaingia.

Kasuku majibu alikuwa anayaandika mwenyewe. Anainamia karatasi mpaka pua inagusa, anaandika kwa kalamu nene, na herufi zake zinapandana kama kuku wamekanyaga rangi. Mwalimu wa darasa alilalamika haziwezi kusomeka. Watoto walicheka. Mimi ni fundi wa herufi. Mwanangu atembee na maandishi yale mbele za watu? Nikawa nayanakili upya majibu yake kwa mkono wangu. Na nikiona jibu halifanani na la mwenzake, naweka la mwenzake. Sikuona ubaya. Kibao kikitoka na kosa, unakisahihisha kabla ya mwenye duka hajakiona. Na zile karatasi zake za mwanzo...

"Nimepangusia brashi," nilisema.

Mpimaji akaandika kitu kwenye faili. Alikiandika taratibu.

"Nimempa kitabu cha darasa la tatu," alisema. "Hakusoma hata mstari."

"Kile kina herufi ndogo, mama. Ana karatasi yake ya ofisi yenu, mama yake aliihangaikia. Imeandikwa akae mbele, apewe herufi kubwa, aongezewe muda."

"Mpango ule unapitiwa kila mwaka, mzee. Mara ya mwisho ulipitiwa miaka miwili iliyopita. Ulishakwisha nguvu."

Miaka miwili iliyopita aliyekwenda ni marehemu. Mimi nilidhani karatasi ile ni kama cheti cha ndoa.

"Mbona cheti cha ndoa hakiishi?" nikauliza.

"Hata ndoa yenyewe inaisha," alijibu, akitafuta kalamu yake. Mwalimu mkuu akakohoa. Yule mama akaniangalia, akaiona pete yangu, akayaacha maneno yalipofika.

Lakini alichokuja kukisema alikisema. Mtoto hafuati mtaala wa kawaida, mzazi ndiye anayeufuata. Kuanzia siku hiyo atahamia kitengo. Nikipinga, nina siku kumi za kuandika. Nikikaa kimya, nimekubali.

Kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu ni chumba cha mwisho nyuma ya tangi la maji. Watoto kumi na tisa wa kila umri, mwalimu mmoja mpole aliyechoka. Wanatunga shanga. Wanachambua mbegu kwa rangi. Wanafundishwa kuvaa. Kwa mtoto anayehitaji hayo, sawa. Ila aliyeko kitengo jina lake haliandikishwi kwenye mtihani wa mwisho, na asiyefanya mtihani hana sekondari. Majina yalikuwa yanafungwa Ijumaa, tarehe ishirini na nne. Siku ile ile zinapoisha siku zangu kumi. Wenye akili walizipanga vizuri.

Mwalimu mkuu alinisindikiza mpaka getini, akanishika bega.

"Usipigane na ofisi, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiwachokoza wataandika kwamba kitengo chetu hakimfai. Watampeleka shule maalumu ya bweni. Siku nzima kwa basi. Utamwona likizo."

Sijui alikuwa ananionea huruma au ananitisha. Labda hata yeye hakujua. Nilirudi kazini nikamalizia ile herufi ya vipuri, na kinyozi alipotoka kuitazama alisema imesimama kama mlevi. Ilikuwa kweli.

Siku ya kwanza Kasuku alirudi na uzi wa shanga nyekundu na nyeupe.

"Leo nimefundishwa kufunga vifungo," alisema.

"Unavijua tangu una miaka mitatu."

"Nilimwambia mwalimu hivyo. Akasema basi nimsaidie kuwafunga wengine." Akaweka shanga mezani. "Mchana nilikwenda chini ya dirisha la darasa letu. Wamefika asilimia." Akaanza kulirudia somo zima, bei ya awali, punguzo, faida, mpaka mwalimu alivyopiga chafya. Nikacheka.

Siku ya pili alirudia somo la sayansi. Ya tatu alisema mlinzi amemfukuza dirishani. Ya nne hakurudia kitu. Alikaa kwenye kigoda karibu na makopo ya rangi, nikamuuliza habari za shule, akasema nzuri. Nzuri. Mtoto ambaye angekueleza hata inzi aliyeingia darasani. Nilimwangalia mikono yake: vidole vilikuwa vinatunga shanga ambazo hazikuwepo. Nilimwona ana miaka ishirini, ana miaka arobaini, amekaa kwenye kigoda kile kile, mimi nimeshakufa, vidole vinakwenda tu.

Ndipo nilipompigia shemeji, mdogo wa marehemu, anayekaa mapokezi kwenye zahanati. Nilikuwa nimemkwepa kwa aibu. Alikuja akiwa bado amevaa sare, akaketi, akasoma barua ya ofisi, kisha akasoma karatasi ya dada yake niliyoitoa sandukuni. Alisoma bila kusogeza midomo.

"Shemeji," alisema, "yaani wewe umepangusia brashi ushahidi."

"Nilikuwa nasaidia."

"Ulikuwa unasaidia herufi. Dada alikuwa anamwandikia nini?"

Nikafikiri. "Maswali."

"Maswali tu. Majibu alimwachia mtoto, yawe mabaya yanavyotaka. Wewe bwana ukamnyang'anya hadi makosa yake." Akageuza karatasi. "Sikiliza. Hapa wameandika sheria inavyosema: mtoto afundishwe mtaala ule ule wa wenzake, kwa namna atakayoweza kuufikia. Hawakuandika mtoto akishindwa kusoma vumbi apelekwe kwenye shanga."

"Sasa kama sheria iko upande wetu, mimi natetemeka nini?"

"Unatetemeka kwa sababu una akili," alisema, akatoa kalamu.

Aliandika pingamizi, mimi nikaweka sahihi. Mara ya mwisho kuweka sahihi yangu kwenye karatasi ya serikali ilikuwa ni kuchukua mwili. Kalamu ilinitoka mkononi mara mbili. Jibu lilikuja Jumatatu: kikao Alhamisi, tarehe ishirini na tatu, tuje na kazi za mtoto alizoziandika mwenyewe.

Kazi zipi? Nilipekua pipa la matambara na karakana nzima. Nilipata karatasi kumi na moja zimegandana kwa rangi ya kijani, ukizibandua zinakatika.

Nitakiri jambo ambalo sijivunii. Jumanne ile alasiri nilifunga mlango, nikakaa na kalamu nene, nikaanza kuandika kwa mkono wa Kasuku. Umbo lolote naweza kuliiga. Niliinamisha herufi, nikazipandisha mgongoni kwa wenzake, nikapotosha mistari, nikatia na makosa mawili matatu ili ipendeze. Karatasi sita, kila moja na tarehe ya nyuma. Ungeapa ni yeye.

Kasuku akaingia, akazikuta mezani. Akaziinamia moja moja, pua inagusa.

"Baba, hii ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Si ya kwangu." Akaweka kidole. "Hapa umekosea kugawanya. Mimi kugawanya sikosei. Mimi nasahau kubeba kwenye kujumlisha. Mwalimu ananijua kwa hilo."

Nikazichana zote, vipande vikaingia kwenye pipa la matambara. Zingefika mezani kwa yule mama, mtoto angepanda basi wiki ile ile, na mimi ningekuwa nimempakia mwenyewe.

Alhamisi tulikwenda watatu. Ofisi ya elimu iko ghorofa ya kwanza, ngazi zake zina harufu ya dawa ya sakafu. Chumba kilikuwa na meza ndefu, kalenda ya zamani ukutani, saa inayopiga kelele kila sekunde. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye taulo dogo shingoni, anajifuta uso kila mara. Kulia kwake mpimaji, kushoto mwalimu mkuu. Sisi upande wa pili, kama washitakiwa.

"Kazi za mtoto ziko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

Shemeji alisimama akaeleza yote, hata habari ya kupangusia brashi. Nilitazama viatu vyangu. Mwenyekiti alinigeukia.

"Ni kweli?"

"Kweli, mzee."

"Ninyi wazazi mna vituko," alisema. "Wengine hawafungui daftari mwaka mzima, wewe umemaliza darasa la saba kwa niaba ya mtoto."

Mwalimu mkuu akatabasamu. Mimi sikuweza.

"Basi tumpime hapa hapa," mwenyekiti akasema. "Maswali kumi ya hesabu. Yaandikwe kubwa, kama mpango wa zamani ulivyosema. Nani ataandika?"

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe.

"Si yeye," mpimaji akasema.

Akaandika mwenyewe, nyuma ya ile kalenda waliyoishusha ukutani. Nilikaa juu ya mikono yangu. Mstari wake ulianza mkubwa ukaishia mdogo, namba zinateremka kama maji kwenye mteremko. Namba tatu yake ilikuwa imejifunga tumbo. Nilitaka kulia.

"Mama," Kasuku akasema, "hii ni tatu au nane?"

Yule mama akaangalia alichokiandika. Akaangalia tena. "Tatu," akasema, akairudia kubwa zaidi.

Wakampa nusu saa. Kasuku alilala karibu yote juu ya kalenda, shavu mezani, kalamu inakwaruza. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga kichwani mwangu. Alifika swali la tatu, akasimama. Sekunde nyingi. Nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vimeanza kutunga. Shemeji akaniona nikimwona, akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, nisifungue mdomo. Kisha kalamu ikaendelea.

Mpimaji akasahihisha kwa wino mwekundu. Sahihi, sahihi, kosa. Nilihesabu kwa mwendo wa mkono wake. Mwisho akaandika sita.

"Sita tu," mwalimu mkuu akasema. "Kwenye madaftari ana kumi kwa kumi mwaka mzima."

Moyo ulinishuka mpaka nikahisi kiti kimekuwa kirefu. Nilianza kuhesabu nguo zake za kupeleka bweni. Sweta analo moja.

Mpimaji alikuwa ameisogeza kalenda karibu, zile nne zilizokosewa anazipitia kwa kidole, herufi zile mbaya zilizopandana, hesabu ya mwanangu mwenyewe.

"Hapa alisahau kubeba moja," alisema. "Hapa pia. Na hapa. Na hapa." Akavua miwani. "Kosa moja mara nne. Asiyejua hesabu hakosei hivi, anakosea kila mahali. Huyu anaijua njia, anajikwaa kwenye jiwe moja." Akamgeukia mwenyekiti. "Lile daftari lisilo na kosa sikuliamini. Hili naliamini."

Akanitazama mimi. Sikujua nimshukuru au nimchukie. Siku tisa mwanangu alifunga vifungo vya watu kwa sababu hakuna aliyefikiria kugeuza kalenda.

Mwenyekiti akatamka, karani akaandika. Mtoto arudi darasani Jumatatu. Jina lake liandikishwe kesho. Mpango uhuishwe: akae mbele, aongezewe muda, maandishi yawe makubwa, maswali yaandikwe na shule, majibu yaandikwe na mtoto, baba asiguse.

"Yaandikwe na nani?" mwalimu mkuu aliuliza. "Nina walimu tisa na watoto mia sita."

"Sheria haisemi nani. Inasema yaandikwe."

Ndizo sheria zao hizo. Wanakujengea mlango mzuri, halafu wanakwambia kitasa utajua mwenyewe. Lakini siku hiyo sikujali. Nilikuwa naogopa hata kufurahi, nisije nikaharibu. Nilimshika Kasuku mkono tuondoke kabla hawajabadili mawazo.

Yeye hakuinuka.

"Naomba kuuliza," alisema. "Mtihani wa mwisho, karatasi zake zinakuja shuleni zimefungwa?"

"Zimefungwa kwenye bahasha," mwalimu mkuu alijibu. "Hakuna anayeruhusiwa kuifungua mpaka asubuhi yenyewe."

"Na herufi zake?"

Mwenyekiti akamtazama mpimaji.

"Za kawaida," mpimaji akasema. "Za maandishi makubwa zinaagizwa mapema, zinachapwa peke yake. Maombi yalifungwa mwezi wa kumi na moja." Akashika faili bila kulifungua. "Yanatumwa pamoja na mapitio ya mwaka."

Mapitio ambayo baba yake hakuyajua.

"Basi mtu hawezi kumsomea? Hawezi kumwandikia pale pale?" shemeji akauliza.

"Inahitaji kibali kutoka juu."

Mwenyekiti akajifuta uso na taulo. "Nitaandika kuuliza," alisema, na kweli nilimwona akiandika.

Sasa ni mwezi wa saba, mtihani ni mwezi wa tisa. Kasuku yuko darasani, dawati la mbele. Mwalimu wa darasa anamwandikia maswali akipata nafasi, akikosa nafasi anamsomea. Jioni ananirudishia masomo yote, na wiki mbili hizi amefaulu kubeba ile moja mara tatu mfululizo. Daftari lake siligusi. Lina wekundu mwingi, nimelitundika ukutani karakana, na kinyozi anasema ndicho kibao kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutundika.

Kila Jumatatu asubuhi napanda zile ngazi zenye harufu ya dawa. Karani ananijua, akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika mezani. Juu hawajajibu. Mwenyekiti yuko safarini. Mpimaji amehamishwa. Juzi nilimwomba karani aniandikie swali langu upya, akaliandika, akaligonga muhuri, akaliweka juu ya mafaili mengine. Nilisimama nikalisoma mwenyewe, neno kwa neno, hata sikutoka jasho: siku watakapoikata ile bahasha, karatasi itakayowekwa mbele ya mwanangu itakuwa na herufi za ukubwa gani?